Mashine ikichuna chai, shilingi iliyookolewa inaenda wapi?

Mwezi Mei 2023 wakazi wa Kericho, magharibi mwa Kenya, waliingia kwenye mashamba makubwa ya chai wakateketeza mashine za kuchuna majani. Polisi walipoingilia kati kulizuka makabiliano, mtu mmoja akauawa na kadhaa wakajeruhiwa. Haikuwa mara ya kwanza mashine kuchomwa eneo hilo. Mabishano yaliyofuata redioni na mitandaoni yalikuwa yaleyale ya siku zote: hawa wakisema mashine zinawanyima watu chakula, zipigwe marufuku, wale wakisema teknolojia haizuiliki, kila mashine huja na kazi zake, wanaolalamika wakajifunze kompyuta.

Sasa hoja hizohizo zimerudi kwa jina la akili mnemba, na safari hii wanaotikisika ni makarani, wahasibu, watafsiri na sisi wa kalamu. Kabla ya kurukia huko nadhani inafaa tubaki Kericho kwanza. Kwenye chai mambo haya yanaonekana kwa macho na yanapimika kwa kilo. Swali ninalotaka tulishike tangu mwanzo ni hili: mashine ikipunguza gharama, shilingi iliyookolewa inaishia mfukoni mwa nani? Mengi yanayobishaniwa kuhusu mashine na ajira hupata jibu ukiifuata shilingi hiyo hadi inakolala.

Kazi ni furushi la shughuli

Tuweke maneno sawa. Otomesheni ni kuukabidhi mtambo, au programu ya kompyuta, shughuli ambayo hadi jana ilifanywa na mtu. Nasema shughuli, sisemi kazi. Kazi ya mtu huwa na shughuli nyingi ndani yake, na ni nadra mashine kuzibeba zote kwa mpigo.

Mchukue kondakta wa matatu au daladala. Anaita abiria, anakusanya nauli, anakumbuka nani hajarudishiwa chenji, anagonga bodi dereva asimame, anapandisha magunia, anamshika mkono bibi anayeshuka, anamtuliza mlevi, na akikutana na askari wa barabarani anaongea naye kwa lugha wanayoielewa wao wawili. Kadi ya kulipia inachukua moja tu kati ya hizo: nauli. Serikali ya Kenya ilipojaribu kulazimisha kadi kwenye matatu mwaka 2014, mpango ulikufa, na kondakta yupo mlangoni mpaka leo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza 2016, yaliweza kwenda bila kondakta kwa sababu kila kilichomzunguka kondakta kilijengwa upya: vituo vyenye majukwaa, milango mipana, barabara ya peke yake, vibanda vya tiketi. Na kwenye vile vibanda walikaa watu.

Tofauti hii kati ya kazi na shughuli imezaa takwimu moja inayozunguka sana. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Namba hiyo ilisafiri dunia nzima, na hapa kwetu hutajwa kwenye makongamano mpaka leo, mara nyingi bila neno "Marekani". Mwaka 2016 watafiti wa OECD, shirika la nchi zenye uchumi mkubwa, walirudia hesabu wakitazama shughuli ndani ya kila kazi badala ya jina la kazi, wakapata asilimia 9 hivi kwa nchi tajiri walizozipima. Uchumi ulikuwa uleule kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni kama unamhesabu kondakta mzima au nauli peke yake. Tena namba zote mbili zinasema mashine ingeweza kufanya nini. Hazisemi kama mwenye kampuni ataona faida kuinunua.

Sasa rudi shambani. Furushi la mchunaji chai ni jembamba. Kutwa nzima ni kukata majani mawili na kichipukizi chake, kuyatupia kwenye kikapu kilicho mgongoni, kuyapeleka kwenye mizani, kurudi mstarini. Analipwa kwa kilo. Mashine ikiichukua shughuli hiyo moja, hakuna kingine cha kumlipia. Na mashine yenyewe si ile ya kwenye sinema. Nyingi ni visu vyenye injini ndogo, watu wawili wameshika huku na huku, wanaipitisha juu ya kichaka huku mfuko mrefu ukijaa majani nyuma yao. Zipo pia kubwa zinazoendeshwa na mtu aliyeketi. Kuna madai kwamba mashine moja ya aina hiyo hufanya kazi ya watu 100. Hata kama ni nusu yake, hesabu inatisha.

Hesabu ya kilo moja

Serikali ya kaunti ya Kericho iliunda jopo kulichunguza suala hili, na jopo likazunguka wadi kwa wadi kusikiliza watu. Katika takwimu zilizotolewa wakati huo, kuchuna kilo moja ya majani kwa mkono kuligharimu senti 11 za dola. Kwa mashine, senti 3. Kwa bei ya dola ya wakati ule, kampuni inaokoa shilingi 11 hivi za Kenya kwa kila kilo ya majani mabichi. Kutengeneza kilo moja ya chai kavu kunahitaji zaidi ya kilo 4 za majani. Kwa hiyo kwenye kila kilo ya chai iliyo tayari kwenda mnadani, tunazungumzia shilingi kama 50 hivi, wakati kilo hiyo ilikuwa ikiuzwa Mombasa kwa dola 2 na ushee. Ni karibu sehemu moja kati ya sita ya bei. Hakuna meneja atakayeziacha hizo mezani.

Shilingi hizo 50 zina njia chache tu za kupita.

Zinaweza kubaki kwa mwenye kampuni kama faida. Mwanzoni ndivyo inavyokuwa, hasa kwa aliyetangulia kununua mashine wakati majirani bado wanachuna kwa mkono.

Zinaweza kupitia kwake tu zikaenda kwa mnunuzi. Bei ya chai haipangwi Kericho; inapangwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza wanalinganisha chai yetu na ya kwingine. Kenya ndiyo muuzaji mkubwa wa chai nyeusi ya nje duniani. Wazalishaji wengi wakipunguza gharama kwa pamoja na kuendelea kumwaga chai sokoni, bei hushuka, na akiba yote ya mashine inaishia kwenye kikombe cha mtu wa Karachi ambaye hajawahi kusikia jina Kericho. Hii ndiyo njia watu wengi huisahau. Tunafikiri mashine humtajirisha tajiri peke yake, kumbe mara nyingi ushindani humnyang'anya hata yeye.

Zinaweza kwenda kwa wafanyakazi waliobaki, kwa njia ya mshahara bora, ikiwa chama chao kina nguvu ya kuzidai. Na sehemu inaweza kwenda serikalini kama kodi, ikiwa ile faida inaonekana kwenye vitabu vya hapa nchini.

Kuna njia moja ambayo shilingi hizo hazitapita tena. Mchunaji alipolipwa, hela yake iliteremka Kapsoit, Litein na kwenye vituo vidogo kando ya mashamba: unga, sukari, sare ya mtoto, boda boda ya kwenda zahanati. Mwenye duka hakuwahi kushika jani la chai, lakini biashara yake ilisimama juu ya kikapu cha mchunaji. Halafu kuna nyumba. Wachunaji wengi wa mashamba makubwa hukaa kwenye nyumba za kampuni, watoto wakisoma shule za palepale. Anayepoteza kazi anapoteza na kitanda. Jopo la kaunti lilisikia hoja hizi kila lilikokwenda, na maofisa wa kaunti walikadiria kwamba ajira kama 30,000 zilikuwa zimepotea kwa muongo mmoja. Mapendekezo yake yakawa kampuni zivune kwa mashine asilimia 60, kwa mkono asilimia 40.

Mbona M-Pesa haikuchomwa?

Anayetetea mashine atakwambia: angalieni M-Pesa. Na ana haki. Machi 2007 Safaricom ilipoizindua, kutuma pesa kijijini kulihitaji dereva wa basi unayemwamini, au posta, au ndugu anayesafiri. Simu ilizichukua shughuli hizo zote. Ikachukua na sehemu ya zile za karani wa benki. Badala ya maandamano, tukapata mawakala, vibanda vya kijani kila kona, na baadaye Tanzania vibanda vya kila rangi. Kazi zilizozaliwa zilizidi kwa mbali zilizokufa.

Kwa nini huku ikawa hivi na kule vile? Jibu linategemea zaidi kiu ya wateja kuliko aina ya mashine. Kutuma pesa kulipokuwa ghali na kwa shida, watu walituma mara chache. Kulipokuwa rahisi, walituma kila wiki, kisha kila siku, kisha wakaanza kununulia nyanya. Gharama ya kila muamala ilishuka, lakini miamala iliongezeka mara nyingi zaidi, na kila shilingi iliyoingia au kutoka kwenye simu ilihitaji mtu wa kuipokea au kuitoa. Chai haina kiu ya namna hiyo. Bei ikishuka kidogo, Mwingereza hatakunywa vikombe kumi badala ya vitano. Soko likiwa limeshiba, mashine inayozidisha kasi ya mtu mmoja humaanisha watu wachache.

Marekani wana kisa kinachofanana, kilichofuatiliwa na mchumi James Bessen. Mashine za ATM ziliposambaa, wengi walitabiri mwisho wa karani wa benki. Kati ya 1988 na 2004 makarani kwa kila tawi la mjini walipungua kutoka 20 hivi hadi 13. Lakini kwa kuwa kila tawi sasa lilikuwa nafuu kuliendesha, benki zilifungua mengine, matawi yakaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, na idadi ya makarani kwa jumla haikuanguka. Waliacha kuhesabu noti wakaanza kuuza mikopo. Watu husimulia kisa hiki na kuishia hapo. Sehemu ya pili ni kwamba huduma za benki zilipohamia kwenye simu, sababu ya kufungua matawi ikapungua, na makarani wakaanza kupungua kweli.

Na wakala wa M-Pesa naye aangalie mbele. Kamisheni yake inatoka kwenye kuweka na kutoa fedha taslimu. Kadiri watu wanavyolipa moja kwa moja kwa simu, dukani, kwenye teksi, kwa fundi, ndivyo pesa inavyobaki ndani ya simu bila kupita kibandani kwake. Kazi iliyozaliwa na mashine inaweza kuliwa na toleo linalofuata la mashine hiyohiyo. Kwa hiyo, anayesema mashine huleta kazi nyingi kuliko inazoua na anayesema haijawahi kuleta hata moja, wote wawili wanataja kipindi kimoja cha sinema ndefu.

Mshahara unaoshuka mbali na mashine

Kuhusu mishahara, mashine husukuma pande mbili kwa wakati mmoja. Inampandisha bei anayefanya kazi pamoja nayo, kwa kuwa saa yake moja sasa inazalisha zaidi. Hilo ndilo wachumi huliita tija. Na inamshusha bei anayefanya ilichokuja kukifanya, kwa kuwa mwajiri ana njia nyingine. Kericho zote mbili zilionekana. Waliobaki kuendesha mashine, na mara nyingi ni wanaume, wana kilo nyingi kwa siku. Waliotoka, na wengi ni wanawake, hawakuhamia kwenye mashine. Wastani wa malipo ya wafanyakazi wa shamba unaweza kupanda huku eneo zima likiwa maskini zaidi, kwa sababu walioondoka hawahesabiwi tena kwenye wastani. Ukiona taarifa ya kampuni inajivunia hivyo, uliza kwanza walikuwa wangapi.

Madhara hayaishii getini. Mtu aliyeachishwa kuchuna chai hakai tu. Ananunua boda boda kwa mkopo, anafungua genge la mboga, anaenda kulima kibarua kwa mkulima mdogo. Maelfu wakifanya hivyo ndani ya kaunti moja, mapato ya kila mwendesha boda yanapungua, na malipo ya kibarua cha kulima yanashuka, ingawa mashine ya kulima haijafika. Mwenye boda atalaumu bei ya petroli.

Wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walilipima hili kwa viwanda vya Marekani kati ya 1990 na 2007. Roboti moja ya ziada kwa kila wafanyakazi 1,000 ilipunguza mishahara kwa asilimia 0.42, na sehemu ya watu walio kazini kwa asilimia 0.2 ya watu wote. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba ni wastani wa nchi nzima, na kwamba kwenye maeneo yenye viwanda vya magari pigo lilikuwa kubwa zaidi. Wawili hao wana hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi: mashine ya kuogopwa si ile yenye maajabu, ni ile ya wastani. Mashine inayoleta tija kubwa sana hushusha bei, huongeza mauzo, huvuta ajira nyingine nyuma yake. Mashine inayofanya kazi kwa unafuu mdogo tu kuliko mtu, kama zile kaunta za dukani ambako mteja anajipigia bidhaa mwenyewe, humwondoa mtu bila kuzalisha utajiri wa kutosha kumwajiri kwingine.

"Lakini mwishowe mambo huwa sawa," utaambiwa, na mfano utakuwa Uingereza ya mapinduzi ya viwanda. Ni kweli mwishowe yalikuwa sawa. Kwa hesabu za mwanahistoria wa uchumi Robert Allen, kati ya 1780 na 1840 uzalishaji wa kila mfanyakazi wa Uingereza ulipanda kwa asilimia 46, na mshahara halisi kwa asilimia 12 tu. Hiyo ni miaka 60. Mfumaji aliyevunja mashine Nottingham mwaka 1811, kosa ambalo sheria ya mwaka uliofuata ililiwekea adhabu ya kifo, hakuwa mjinga wa uchumi. Alikuwa anahesabu maisha yake mwenyewe, ambayo hayakuwa na miaka 60 ya kungoja.

Kampuni: aliyenunua na aliyechelewa

Ukienda kumuuliza mkurugenzi aliyenunua mitambo, mara nyingi atakwambia ameajiri watu zaidi. Huenda hasemi uongo. Watafiti waliofuatilia viwanda vya Hispania kuanzia 1990 hadi 2016 waligundua kwamba vilivyonunua roboti viliongeza uzalishaji kwa asilimia 20 hadi 25 ndani ya miaka minne, na ajira kwa asilimia 10 hivi. Waliopoteza ajira ni washindani ambao hawakununua. Mashine iliwafukuza watu wa kiwanda cha jirani. Kwa hiyo hadithi ya kampuni moja, hata ikiwa ya kweli, haikuambii lolote kuhusu sekta nzima.

Kwenye chai kuna kasoro mbili kwenye mfano huo. Kwanza, shamba halitanuki. Aliyenunua mashine hawezi kupanda ekari nyingine elfu ili awarudishe watu. Pili, mshindani wa kampuni kubwa ni nani? Ni mkulima mdogo. Wako zaidi ya 600,000 chini ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo wa Kenya, na kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Chai yao inaingia mnada uleule wa Mombasa. Kampuni ikipunguza gharama kwa shilingi 50 na bei ikafuata kushuka, mkulima wa Bomet au Murang'a anapokea bonasi ndogo bila kuwa na mashine wala kumfukuza mtu.

Naye huyo mkulima ana malalamiko yake tofauti kabisa: msimu wa mavuno hapati wachunaji, vijana wamekimbilia mjini, na malipo ya kuchuna yanakula sehemu kubwa ya anachopata kwa kilo. Mpe mashine ndogo ya mkononi ataishukuru. Wasiwasi wake ni kama kiwanda kitakataa majani yake, maana visu havichagui kati ya jani laini na lililokomaa. Mashine ileile ni msiba kwa mchunaji na nafuu kwa mwenye ekari moja, na wakati mwingine hao wawili ni mume na mke.

Wanaotaka marufuku kamili wanapaswa kujibu jambo moja gumu. Argentina na Japani huvuna karibu chai yao yote kwa mashine. Ukizizuia Kenya peke yake, mchunaji anabaki na kazi kwa muda, lakini mnadani unashindana na gharama za watu wengine. Pendekezo la 60 kwa 40 lilikuwa jaribio la kutembea katikati. Sioni kama ni la kipuuzi. Nina shaka tu na namna litakavyosimamiwa: nani atasimama shambani kuhesabu vichaka?

Pia tusijidanganye kwamba uamuzi wa kununua mashine ni wa soko peke yake. Kenya, mwajiri hulipa asilimia 1.5 ya mshahara kama tozo ya nyumba, juu ya mchango wake wa NSSF. Tanzania, mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya ufundi ya asilimia 3.5 pamoja na sehemu yake ya NSSF. Mashine haina NSSF, na bei yake hupunguzwa kwenye hesabu ya kodi mwaka baada ya mwaka. Sisemi michango hiyo ifutwe, maana ndiyo pensheni yenyewe. Lakini serikali inayotoza kwa kila kichwa kinachoajiriwa na kusamehe kwa kila mtambo unaoingizwa isishangae waajiri wakifuata njia iliyowafungulia.

Akili mnemba kwa vipimo vilevile

Muda mrefu tuliamini kwamba anayeogopa mashine ni asiyesoma. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na miongoni mwa watu wa kwanza kuhisi baridi walikuwa vijana wa Nairobi na Eldoret wenye digrii, waliokuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Biashara hiyo ilikuwa na aibu zake na siililii sana, ila ililipa kodi za nyumba nyingi. Furushi lao lilikuwa jembamba kama la mchunaji: soma swali, andika kurasa, tuma.

Vipimo havijabadilika. Je, programu inachukua sehemu gani ya furushi lako? Mhasibu anayeingiza risiti kutwa yuko karibu na mchunaji. Mhasibu anayekaa na mteja kumweleza kwa nini TRA au KRA wamemwandikia yuko karibu na kondakta. Je, bei ikishuka wateja wataongezeka? Tafsiri ikiwa nafuu, huenda nyaraka ambazo hazikuwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili, kuanzia maelezo ya dawa hadi mikataba ya mikopo, zitatafsiriwa, na mtu wa kuzihakiki atahitajika. Au huenda mteja akaridhika na tafsiri mbovu. Na shilingi iliyookolewa je? Hapa naona hatari kubwa kuliko kwenye chai. Ofisi ya Dar au Mombasa ikiacha kumlipa karani na kuanza kulipia programu, malipo ya kila mwezi yanatoka kwa dola kwenda nje. Mashine ya chai angalau inakaa Kericho, ina fundi wake na muuza vipuri wake.

Wakati huohuo Nairobi kuna watu wanaolipwa kuzifundisha programu hizo, wakizionyesha picha ipi ina gari na maandishi yapi yana matusi, kwa malipo ambayo kwa wengine hayakufika dola 2 kwa saa. Hizo ndizo kazi mpya tulizoahidiwa, kwa sehemu yetu ya dunia.

Anayepunguzwa anadai nini

Kinachoandikwa kwa uchache mno katika mjadala huu ni sheria iliyopo tayari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, aeleze sababu na idadi, achague kwa vigezo vya haki, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyechuna chai miaka 20 anadai siku 300. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ashauriane kwanza na wafanyakazi au chama chao, kisha kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Kwa miaka 20 ileile, ni siku 70.

Hayo ni kwa mwenye mkataba wa kudumu. Mchunaji wa msimu, anayesajiliwa mvua zikinyesha na kuachwa kiangazi, miaka yake haiunganishwi kirahisi, hata kama amerudi kwenye mstari uleule kila mwaka tangu akiwa msichana. Kampuni haihitaji kumpunguza kazini. Msimu unaofuata haimwiti, na hakuna barua anayoweza kuipeleka kwa afisa wa kazi.